Kaisari na Siku Sita za Mkulima



Kwa kawaida katika ukurasa huu tunazungumza habari za shamba: mbegu, mbolea, palizi na ghala. Mwezi huu tutazungumza habari za utawala wa zamani. Lakini usiwe na wasiwasi. Shamba halitakuwa mbali.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Siku moja, baada ya somo la kupanda kwa mstari, mama mmoja aliinua mkono. Akaniuliza, "Bwana shamba, hawa Makaisari wa Roma tunaowasikia, walitawalaje nchi kubwa kiasi kile? Hawakuwa na simu. Hawakuwa na redio wala gari. Amri yao ilimfikiaje mkulima wa mbali? Na mkulima akionewa, alimwambia nani?"

Nilimjibu, "Mama, hilo ni swali la mtu mwenye akili. Nipe muda nikasome." Nimesoma. Leo ninamjibu yeye, na ninakujibu wewe pia.

UKUBWA WA DOLA

Roma ni mji wa Italia, Ulaya. Zamani sana Warumi walikuwa na mji wao mmoja tu. Polepole walizishinda nchi za jirani, halafu nchi za mbali. Mwishowe walitawala nchi zote zinazoizunguka Bahari ya Mediteranea. Upande wa kaskazini walifika Uingereza. Upande wa mashariki walifika Shamu. Upande wa kusini walitawala Misri na pwani yote ya Afrika Kaskazini.

Kaisari wa kwanza aliitwa Augustus. Alianza kutawala kwa cheo hicho mwaka 27 kabla ya kuzaliwa Kristo. Alikufa mwaka 14 baada ya Kristo. Wanahistoria wanakadiria kwamba dola ile ilikuwa na watu milioni 50 au 60. Augustus alipokufa, majeshi makubwa ya Roma yalikuwa 25. Kila jeshi lilikuwa na askari kama 5,000. Walikuwapo pia askari wasaidizi, karibu idadi hiyo hiyo.

Fikiri kidogo. Askari hao ni wengi, lakini ukiwagawa katika nchi zote zile, ni wachache. Wengi wao walikaa mipakani. Wilaya nyingi za ndani hazikuwa na jeshi hata moja. Kwa hiyo Kaisari hakuweza kutawala kwa upanga peke yake. Ilimbidi atafute njia nyingine.

NJIA ZA KAISARI

Njia ya kwanza ilikuwa maliwali. Dola iligawanywa katika majimbo. Kila jimbo lilikuwa na liwali wake. Liwali alisikiliza kesi kubwa na kulinda amani. Lakini liwali hakuwa na makarani wengi. Kazi za kila siku ziliachiwa mabaraza ya miji. Wajumbe wa mabaraza hayo walikuwa matajiri wa pale pale. Wao ndio waliokusanya kodi, na wao ndio waliotengeneza masoko na mifereji ya maji. Roma iliwaachia heshima yao, nao wakaitii Roma.

Njia ya pili ilikuwa hesabu. Watu walihesabiwa na mashamba yaliandikwa. Baada ya hapo ilikuja kodi ya ardhi, na katika majimbo mengi kodi ya kichwa pia. Mtu asiyehesabiwa hawezi kutozwa.

Njia ya tatu ilikuwa barabara na barua. Warumi walijenga barabara za mawe. Augustus aliweka vituo njiani, ili mjumbe wa serikali apate mnyama au gari jipya na kuendelea na safari. Barua zilikwenda na kurudi. Liwali mmoja wa jimbo la Bithynia, katika nchi ya Uturuki ya leo, aliitwa Pliny. Alimwandikia Kaisari Trajan juu ya mambo mengi, makubwa na madogo. Mara moja mji mmoja uliungua moto. Pliny akaomba ruhusa ya kuunda kikosi cha wazima moto 150. Trajan alikataa. Aliogopa kwamba watu wakikusanyika katika chama, hata chama cha kuzima moto, mwishowe watazungumza siasa. Alisema afadhali viwekwe vifaa vya kuzimia moto, na wenye nyumba wavitumie wenyewe.

Umeona, ndugu msomaji? Mtawala aliyekaa mbali kabisa aliamua habari za ndoo na kamba katika mji asiokuwapo. Huo ndio uliokuwa utawala wa barua.

Njia ya nne ilikuwa kusikiliza maombi. Kila mtu aliruhusiwa kumwandikia Kaisari. Inasimuliwa kwamba Kaisari Hadrian, aliyetawala tangu mwaka 117 hadi 138, alikuwa njiani akasimamishwa na mwanamke mwenye shida. Hadrian akasema hana nafasi. Yule mwanamke akamwambia kwamba kama hana nafasi, basi aache kuwa Kaisari. Hadrian akageuka, akamsikiliza.

KAISARI NA NGANO

Sasa tuje shambani. Kaisari alimhitaji mkulima kuliko alivyomhitaji mtu mwingine yeyote. Kwa nini? Kwa sababu mji wa Roma ulikuwa na watu wengi mno, nao hawakulima chakula cha kuwatosha. Wakati wa Augustus wanaume kama 200,000 wa mji ule waligawiwa ngano ya bure na serikali. Ngano hiyo ilitoka mbali. Ilitoka Misri na Afrika Kaskazini, ikavuka bahari kwa merikebu. Mwandishi Josephus, wa karne ya kwanza, alieleza kwamba Afrika ililisha Roma miezi minane ya mwaka, na Misri miezi minne.

Merikebu zikichelewa, Kaisari alitetemeka. Mwaka 51 ghala za Roma zilibaki na chakula cha siku 15 tu. Watu walimzingira Kaisari Claudius katikati ya mji, wakampigia kelele na kumtupia makombo ya mkate. Askari wake walimwokoa kwa shida. Huyu ndiye mtu aliyekuwa na majeshi yote ya dunia ile! Njaa haikujali majeshi yake.

Makaisari wenye akili walijua jambo hili. Kaisari Tiberius alipelekewa kodi nyingi kuliko kiwango. Hakufurahi. Alijibu kwamba mchungaji mwema huwakata kondoo wake manyoya, lakini hawachuni ngozi. Sisi tunaofuga tunaelewa. Manyoya huota tena, lakini ngozi ikichunwa, mnyama amekwisha.

MASHAMBA YA AFRIKA

Katika nchi tunayoiita leo Tunisia kuna mto unaoitwa Medjerda. Bonde lake lina rutuba. Zamani za Warumi, sehemu kubwa ya bonde hilo ilikuwa mashamba ya Kaisari mwenyewe. Yalikuwa makubwa mno, na ndani yake mlikuwa na vijiji.

Kaisari hakulima. Aliweka wasimamizi wake, na wakubwa wao walikaa katika mji wa Carthage, pwani. Wasimamizi nao walimkodisha tajiri mmoja shamba zima kwa mkataba wa miaka kadhaa. Huyo tumwite mpangaji mkuu. Chini yake walikuwapo wakulima wadogo. Hao ndio walioshika plau na mundu. Waliishi pale na familia zao, na walitoa sehemu ya mavuno yao.

Walitoa kiasi gani? Tunajua, kwa sababu sheria ilichongwa juu ya mawe, na baadhi ya mawe hayo yameonekana. Jiwe moja, la mwaka 116 au 117, linaeleza hivi. Mkulima atatoa theluthi ya ngano, theluthi ya shayiri, theluthi ya divai na theluthi ya mafuta ya zeituni. Sehemu mbili zinazobaki ni zake.

Sheria hiyo ilikuwa na jambo moja linalonipendeza mimi kama bwana shamba. Mtu akipanda mizabibu mipya, hatoi kitu kwa mavuno matano ya kwanza. Akipanda mizeituni mipya, hatoi kitu kwa mavuno kumi ya kwanza. Aliyeandika sheria ile alijua kwamba mzeituni ni mti wa kungojewa. Ukimtoza mtu kodi kabla mti haujamlipa jasho lake, hatapanda mwingine.

Kaisari Hadrian aliongeza sheria yake. Ardhi iliyokaa miaka 10 bila kulimwa, mkulima mwingine aliweza kuishika, kuilima, na kuwarithisha watoto wake. Hadrian alitaka pori lipungue na ngano iongezeke.

Lakini mkulima alidaiwa kitu kingine tena. Alidaiwa siku za kazi. Kila mwaka ilimpasa kufanya kazi katika shamba la mpangaji mkuu bila malipo: siku mbili za kulima kwa plau, siku mbili za kupalilia, na siku mbili za kuvuna. Jumla siku sita. Zisizidi.

SIKU SITA ZILIPOZIDI

Lilikuwapo shamba moja lililoitwa Burunitanus. Mpangaji mkuu wake aliitwa Allius Maximus. Huyu alianza kuongeza. Alidai mavuno zaidi ya sheria, na siku za kazi zaidi ya sita.

Pengine utasema, "Siku chache za kuongeza si kitu." Lakini wewe ni mkulima. Unajua. Mvua ikinyesha leo, kila mtu anataka kulima leo. Magugu yakiota, kila mtu anataka kupalilia wiki hiyo. Ngano ikiiva, haimngoji mtu. Siku anayoidai tajiri ndiyo siku ambayo shamba lako linakuita. Kumwibia mkulima siku tatu za msimu ni kumwibia gunia zake.

Wakulima walilalamika kwa wasimamizi. Hawakusikilizwa. Kwa nini? Kwa sababu Allius Maximus alikuwa tajiri na aliwapa wasimamizi zawadi nyingi. Tena alikuwa amepata mkataba ule mara kwa mara, kwa hiyo walimzoea. Wakulima wao walikuja na mikono mitupu.

Ndipo wakulima walipofanya jambo la hatari. Waliandika barua kwa Kaisari mwenyewe. Kwa kosa hilo, askari waliletwa shambani. Wakulima wengine walikamatwa na kuteswa. Wengine walifungwa minyororo. Wengine walipigwa kwa fimbo na marungu, hata waliokuwa raia kamili wa Roma, watu ambao sheria ilikataza kuwatendea hivyo. Kosa lao lilikuwa kuandika barua.

Je, walinyamaza? Hapana. Waliandika na hayo pia.

BARUA YENYEWE

Mwakilishi wao aliitwa Lurius Lucullus. Barua yao ilikwenda kwa Kaisari Commodus, aliyeanza kutawala peke yake mwaka 180. Walijieleza kwa unyenyekevu. Walisema wao ni watu wa shamba, maskini, wanaojilisha kwa kazi ya mikono yao. Walisema hawawezi kushindana na tajiri anayetoa zawadi.

Lakini angalia walivyojenga hoja yao. Hawakulia tu. Hawakusema tu, "Tuhurumie." Walisema kwamba sheria ya Hadrian imechongwa juu ya bamba la shaba. Walisema kwamba jirani zao wote pande zote wanafuata sheria hiyo hiyo. Walisema kwamba barua za wasimamizi waliopita zimewekwa katika ofisi ya kumbukumbu ya Kaisari huko Carthage. Na walitaja hesabu: siku mbili, siku mbili, na siku mbili.

Kwa maneno mengine, walimwambia Kaisari, "Hatukuombi kitu kipya. Tunataka kile ambacho ninyi wenyewe mlikiandika."

Commodus alijibu. Jibu lake lilikuwa fupi. Aliwaamuru wasimamizi wasidai zaidi ya siku mbili mara tatu, wala wasitoze kitu chochote kinyume cha kanuni ya siku zote. Chini ya jibu, kwa mwandiko wa mkono mwingine, paliandikwa maneno mawili ya Kilatini yenye maana hii: nimeandika, nimehakikisha.

Wakulima wakafurahi. Lakini walikuwa watu wenye akili. Waliogopa kwamba karatasi itapotea, au kwamba msimamizi mpya atasema hakuiona. Basi waliichonga barua yao, pamoja na jibu la Kaisari, juu ya jiwe. Wakalisimamisha jiwe katika nchi yao. Mwaka 1879, baada ya miaka karibu 1,700, jiwe hilo lilionekana mahali paitwapo Souk el-Khmis, huko Tunisia. Kwa sababu ya jiwe hilo, mimi na wewe leo tunazijua siku sita.

KAISARI MBAYA, JIBU ZURI

Usidhani kwamba Commodus alikuwa mtawala mwema. Hakuwa. Alipenda kucheza michezo ya kupigana na kuua wanyama mbele ya watu, na kazi za serikali aliwaachia wengine. Aliwaua watu wengi. Siku ya mwisho ya mwaka 192 aliuawa na watu wa nyumbani mwake mwenyewe.

Sasa swali. Inakuwaje mtawala wa namna hiyo awape wakulima haki yao?

Jibu langu ni hili. Wakulima hawakutegemea moyo wake. Walitegemea maandishi. Makarani wa Kaisari walikuwa na kawaida yao: barua ikiletwa, sheria ya zamani inatazamwa. Sheria ilisema siku sita. Na Roma ilitaka ngano. Mkulima akikimbia shamba, hakuna theluthi ya kutoa. Kwa hiyo mambo matatu yalikutana: sheria iliyoandikwa, hesabu iliyo wazi, na njaa ya Roma. Yalipokutana, hata Kaisari mbaya alitoa jibu zuri.

Utawala wa Makaisari ulikuwa hivyo. Kaisari alikuwa mbali, na mkulima alikuwa shambani. Katikati walikuwapo watu wengi: liwali, baraza, msimamizi, mpangaji mkuu, askari. Mara nyingi Kaisari hakumwonea mkulima kwa mkono wake. Walio katikati ndio waliomwonea, kwa jina la Kaisari. Na Kaisari hakujua, au alijua akafumba macho, mpaka mtu alipoandika.

LAKINI HADITHI HAIKUISHIA HAPO

Ningeweza kumaliza hapa, ukafurahi. Lakini nisingekuwa nimekuambia ukweli wote.

Miaka mingi baadaye, mwaka 332, Kaisari Constantine alitoa sheria nyingine juu ya wakulima wapangaji. Sheria hiyo ilisema kwamba mkulima akikimbilia shamba la mtu mwingine, arudishwe alikotoka. Na wale wanaofikiriwa kwamba wanataka kukimbia, wafungwe minyororo kama watumwa. Hivyo wajukuu wa wakulima wale wa siku sita walifungwa katika ardhi. Hawakuruhusiwa tena kuondoka. Dola ilikuwa na vita vingi, ilitaka kodi zaidi, na ikaanza kuchuna ngozi.

Hiyo nayo ilikuwa sheria iliyoandikwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba maandishi peke yake ni mwema wetu. Maandishi ni kama panga. Panga hufyeka magugu, na panga hukata mguu. Mtu anatakiwa kujua limeshikwa na nani, na linaelekea wapi. Asiyejua kusoma hataona linakuja.

Dola ya Roma upande wa magharibi ilianguka mwaka 476. Majumba ya Makaisari ni magofu. Mto Medjerda bado unapita, na watu wa bonde lake bado wanalima ngano na mizeituni.

Mama yule aliyeniuliza swali, nilipomsomea habari hizi, alikaa kimya kidogo. Halafu akaniuliza, "Waliopigwa fimbo, majina yao yapo katika jiwe?" Nikatazama tena. Nikamwambia, "Hapana, mama. Jina la mwakilishi wao lipo. Ya waliopigwa hayapo." Akasema, "Basi siku nyingine na hayo yaandikwe."

Nami nimeyaandika maneno yake hapa, ili yasipotee.

Mwezi ujao tutarudi ghalani, tuzungumze habari za wadudu waharibifu wa mahindi. Kwaheri kwa sasa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja njia nne ambazo Makaisari walizitumia kutawala dola kubwa.

2. Kwa nini siku za kazi zilikuwa jambo zito kwa wakulima wa Burunitanus? Zilikuwa siku za kazi gani?

3. Wakulima wale walitaja vitu gani katika barua yao ili Kaisari awaamini?

4. Kwa nini waliichonga barua yao juu ya jiwe?

5. Linganisha sheria ya Hadrian na sheria ya Constantine. Ipi ilimfanya mkulima apende kulima? Eleza sababu.

MAANA YA MANENO

Dola: nchi nyingi zilizo chini ya utawala mmoja.
Liwali: mkuu wa jimbo aliyewekwa na mtawala.
Theluthi: fungu moja katika mafungu matatu yaliyo sawa.
Bamba: kipande chembamba na kipana cha madini.
Magofu: majengo ya zamani yaliyobomoka.